Filamu ya Nane ya Jicho la Shaba

"Chama cha Wahakiki wa Filamu wa Kanda, kwa kifupi CHAWAFIKA, kinayo furaha isiyo kifani, iliyopimwa na kuthibitishwa na kamati husika, kuutangazia umma kwamba Tuzo ya Jicho la Shaba, ya ishirini na mbili tangu dunia ianze kuhakikiwa, itatolewa Jumamosi saa tisa alasiri kamili mbele ya mgeni rasmi. Wote mnakaribishwa. Viti ni vichache."

Tangazo hilo liliandikwa na Kaimu Katibu wa chama, likapigwa mihuri mitatu, likabandikwa mlangoni. Kabla ya saa sita upepo ulikuwa umeshalichukua. Kaimu alilifukuza mpaka kwa kinyozi wa jirani, akalikuta limetandikwa chini ya kiti cha mteja likipokea nywele. Akalikung'uta, akalirudisha mahali pake. Ndiyo maana wiki nzima wapita njia walisoma tangazo lenye ndevu.

Kaimu hakulalamika. Mtu aliyekaimu miaka kumi na mmoja hujifunza kutolalamika. Katibu mwenyewe alikuwa ameomba likizo ya siku nne, akaondoka na mwavuli, hajarudi mpaka leo. Kwa kuwa hakujiuzulu, nafasi yake haikuwa wazi. Na kwa kuwa haikuwa wazi, haikuweza kujazwa. Na kwa kuwa haikuweza kujazwa, ilikaimiwa. Jambo hili liko wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini.

Nyumbani kwake ndiko lilikokosa kueleweka.

"Kaimu mkwe, hebu nisogezee chumvi," mama mkwe wake alikuwa akimwambia mezani.

"Mama, jamani!" mke wake alimtetea. "Huyu ni baba wa wajukuu zako."

"Sijakataa, mwanangu. Nimesema tu barua ya kuthibitishwa sijaiona."

Lakini mwaka huu barua ilikuwepo. Mwenyekiti wa chama alimwita ofisini, akafungua droo, akamwonyesha bahasha, akaifunga tena droo haraka kama mtu aliyemwonyesha mtoto peremende.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Imeandikwa Katibu. Haina Kaimu mbele wala nyuma. Nimeshatia sahihi. Tuzo zikipita salama, unaipokea palepale ukumbini, watu wakipiga makofi. Zisipofanyika, muda wangu unaisha, na sahihi yangu inaisha na mimi. Tumeelewana, kijana wangu?"

Kaimu alikuwa na miaka hamsini na tatu. Alisema wameelewana.

Ili msomaji asikihukumu chama kwa haraka, inafaa aelezwe kinavyofanya kazi. Mwasisi wake, ambaye picha yake imetundikwa ukutani akiwa amefumba macho kwa bahati mbaya ya mpiga picha, aliacha kanuni moja kuu: mpishi haonji chungu kizima. Kwa hiyo mhakiki wa CHAWAFIKA hutazama dakika kumi za mwanzo za kila filamu. Tisa ni uzembe. Kumi na moja ni upendeleo. Dakika ya kumi ikitimia, Mwenyekiti hugonga meza kwa kalamu, na Muda wa Tafakuri huanza.

Muda wa Tafakuri hudumu mpaka filamu iishe, kwa sababu katiba inakataza mjumbe kutoka chumbani picha ikiendelea. Hutekelezwa macho yakiwa yamefumbwa na mgongo umeegemezwa. Kila mjumbe hupewa mto mmoja laini, ambao katika daftari la vifaa huitwa Kifaa cha Tafakuri. Wajumbe wengi hutafakari kimya. Mwenyekiti hutafakari kwa sauti, tena sauti nzito, na akigeukia ubavu wa kushoto hutafakari kama trekta lililonasa matopeni.

Mwaka huo Vifaa vya Tafakuri vitano vilipotea. Jambo hilo lilikishtua chama kuliko filamu yoyote. Ikaundwa Kamati Ndogo, Mwenyekiti akiwa na udhuru siku hiyo, na ikaazimia kamera ya ulinzi iwekwe kimyakimya kwenye kona ya dari ya chumba cha kutazamia. Kaimu akapanda ngazi, akaiweka. Kisha Kamati Ndogo ikaahirisha kikao chake hadi mwaka ujao, na wajumbe wote wakaisahau kamera kabla ya kufika kwenye ngazi za kushukia.

Balaa lilianzia kwenye Ibara ya Kumi na Nne. Ibara hiyo inasema filamu zinazoshindanishwa zisipungue nane, kila moja isipungue dakika sabini. Zikipungua, tuzo za mwaka huo zimekufa. Kila mwaka zilikuja kumi, kumi na mbili. Mwaka huu zilikuja saba. Watengenezaji walikuwa wameanza kuchoka, na mmoja aliandika kwenye bahasha tupu: "Mtafakari na hii."

Kaimu alisubiri mpaka siku ya mwisho ya kupokea. Alisubiri saa nne, saa sita, saa nane. Saa tisa na nusu mlango ukagongwa. Akaingia Shangazi, mama wa usafi, na ndoo yake. Kila mtu ofisini alimwita Shangazi, ingawa hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kaka yake.

"Mbona umekaa kama umefiwa?" Shangazi akauliza.

"Imepungua filamu moja, Shangazi."

"Moja tu? Si uokote yoyote. Hao wenyewe wanaangalia?"

Akasema hivyo tu, akaenda kupangusa dirisha. Kaimu akabaki akiitazama kamera ya ulinzi iliyokuwa mezani, maana asubuhi ile alikuwa ameishusha ili achaji betri. Ndani yake mlikuwa na kadi, na ndani ya kadi mlikuwa na saa moja na dakika hamsini za siku moja ya kikao. Zinatosha kwa Ibara ya Kumi na Nne, tena zinabaki.

Alijipa moyo. Nani atakayeipigia kura picha ambayo dakika zake kumi za mwanzo ni chumba kitupu? Itakuwa ya nane katika nane, itashika mkia, itasahauliwa, na filamu nzuri itashinda. Akachukua fomu. Penye jina la filamu akaandika *Subira*. Penye jina la mtengenezaji akaandika: "Hapendi kutajwa." Penye nchi akaandika: "Ng'ambo." Akagonga muhuri.

Wajumbe kumi na wawili waliitazama *Subira* siku ya Jumanne. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, imetazamwa kutoka juu. Inaonekana safu ya viti. Hakuna kitu kinachotokea kwa dakika tano. Kisha mlango unafunguka, anaingia mwanamke na mito mikononi, anaipanga kwenye viti mmoja mmoja, anakaa, anavua kiatu, anasugua mguu, anatazama saa ya ukutani. Anasema: "Mungu anawaona." Anavaa kiatu, anatoka. Mwenyekiti akagonga meza. Tafakuri ikaanza.

Katika dakika ya kumi na moja, wahakiki kumi na wawili waliingia kwenye skrini, wakakaa, na baada ya muda wakalala. Chini ya skrini, wahakiki walewale walikuwa wamelala vilevile, kila mmoja ameinamia upande uleule. Mwenyekiti wa juu alikoroma, Mwenyekiti wa chini akamjibu. Kaimu peke yake ndiye aliyekuwa macho, akisali dua moja fupi.

Kesho yake walikaa kuamua. Kaimu alishika kalamu ya kumbukumbu.

"Nimetazama filamu miaka thelathini," alisema mhakiki mmoja aliyezoea kuvaa tai ya kipepeo. "Dakika kumi kumi, lakini ni miaka thelathini. Sijaona ujasiri kama huu. Viti! Msanii anatuambia, jamani, viti ni sisi!"

"Na lile tamko," akadakia mwenzake. "Mungu anawaona. Anawaona akina nani? Hasemi! Nimeandika kurasa nne, bado sijafika kwenye neno la pili."

"Huyu mwigizaji sasa," akaendelea wa tai. Shangazi alikuwa amesimama ubavuni mwake, birika mkononi.

"Sukari ngapi?" akauliza Shangazi.

"Mbili. Uso ule, waheshimiwa, hapa kwetu haupo. Haupo kabisa. Lazima atakuwa wa ng'ambo. Asante, weka hapo."

Hakuna aliyekitambua hata chumba, na hilo lisiwashangaze wasomaji. Hawakuwa wamewahi kukiona taa zikiwa zimewaka.

Kaimu alikohoa. "Waheshimiwa, kuna ile ya mwalimu wa chekechea. *Masikio ya Baba*. Ya yule mzee fundi saa anayekuwa kiziwi, anaanza kutengeneza saa kwa kuzing'ata ili asikie mdundo kwa meno. Labda tungeitazama mara ya pili..."

Mwenyekiti akavua miwani polepole.

"Mara ya pili? Kaimu, unatutukana?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Dakika kumi za mwanzo mzee anatafuta miwani yake. Ndiyo filamu hiyo. Hayo ya meno umeyatoa wapi?"

Kaimu akainamia karatasi. "Nimesikia tu, Mheshimiwa."

*Subira* ikapata kura kumi na mbili kati ya kumi na mbili: Filamu Bora, na mwanamke wake Mwigizaji Bora. Na kwa kuwa mtengenezaji hapendi kutajwa, ikaamuliwa Mwenyekiti apokee tuzo kwa niaba yake, kutoka mkono wa kushoto wa Mwenyekiti kwenda mkono wa kulia wa Mwenyekiti.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa, viti vichache kama ilivyoahidiwa. Jukwaani liling'aa Jicho la Shaba, ambalo fundi wake alilikosea akalifumba nusu, na chama kikapitisha azimio kwamba jicho lililofumbwa nusu ndilo linaloona ndani. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa mmoja mfupi, mama wa makamo, mwenye sifa ya kuuliza maswali. Wahakiki kumi na wawili walikaa safu ya mbele. Kwenye safu ya nne alikaa yule mwalimu wa chekechea pamoja na baba yake, mzee wa filamu mwenyewe, amevaa suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Ilikuwa mara ya tatu mwalimu kuleta kazi yake. Alikwisha kumwambia baba kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Kaimu alisimama kando, penye mashine. Kabla hawajaanza, Mwenyekiti alimpitia, akaupiga mfuko wa koti lake mwenyewe mara mbili. Bahasha ikalia kwa ndani.

Mshindi akatangazwa. Makofi. Kama ilivyo desturi, zikaonyeshwa dakika kumi za filamu iliyoshinda. Viti. Mlango. Mwanamke na mito.

"Haa!" Sauti ilitoka nyuma ukumbini, kwenye meza ya maji. "Si mimi huyo? Mbona nimenenepa hivyo?"

Vichwa vyote viligeuka. Shangazi alikuwa ameshika jagi, kinywa wazi.

Taa zikawashwa, Mwenyekiti amesimama tayari kushukuru. Lakini mgeni rasmi alikuwa ameshageuka mzima mzima.

"Mama, wewe ndiye uliyeigiza?"

"Kuigiza? Mimi hapo mguu ulikuwa unaniuma, mheshimiwa."

"Na anawaona akina nani? Ulisema Mungu anawaona."

Shangazi akaitazama safu ya mbele, akatazama jagi lake, akaona bora agawe maji. Mgeni rasmi akatabasamu.

"Sasa hapo ndipo nimenogewa. Zimeni taa. Nataka nione kilichofuata."

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akasema, "kitaalamu, dakika kumi zinatosha. Mpishi haonji..."

"Mimi si mpishi, ndugu Mwenyekiti. Nimekuja kula."

Agizo la mgeni rasmi halipingwi. Iko hivyo katika Ibara ya Pili. Kaimu akabonyeza kitufe kwa kidole ambacho hakuwa na uhakika kama ni chake.

Wahakiki kumi na wawili wakaingia kwenye skrini. Safu ya mbele ikajikunja kama kobe kumi na wawili. Wakaonekana wakikaa, wakivua viatu, wakiufinyafinya mto kila mmoja. Taa zilikuwa zimezimwa tangu wanaingia, lakini kamera ile ilinunuliwa kwa ajili ya wezi, ilijua kuona gizani. Kalamu ikagonga. Vichwa vikaanguka kimoja baada ya kingine.

Kisha pakasikika, kutoka ndani ya picha, mdundo wa saa, na sauti ya mzee ikiuliza: "Miwani yangu nimeiweka wapi?"

Mwalimu wa chekechea akainuka kama aliyechomwa. "Hiyo ni filamu yangu! Hapo wanatazama filamu yangu!"

Baba yake hakusikia lolote, lakini macho yake yalikuwa mazima. Akanyoosha kidole kwenye skrini, akauliza kwa sauti ya viziwi, ambayo haina kipimo: "Hawa watu wamekufa?"

"Hapana, baba. Wamelala."

"Nini?"

"WAMELALA!"

Ukumbi mzima ulisikia. Watengenezaji filamu wakaanza kucheka, na kicheko chao hakikuwa cha tamasha. Kilikuwa cha watu waliokuwa wakijilaumu miaka mingi kwa kosa ambalo si lao.

"Peleka mbele kidogo," mgeni rasmi akamwambia Kaimu.

Akapeleka. Mwenyekiti akawa anakoroma ubavu wa kushoto. Akapeleka tena. Filamu ya mwalimu imeisha, wajumbe wanatoka wakijinyoosha. Mwenyekiti anabaki wa mwisho, anatazama kulia, anatazama kushoto, anausokomeza mto ndani ya koti, anatoka akiwa na kitambi kipya.

Mwenyekiti akarukia kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi! Mabibi na mabwana! Hii ni sanaa. Hapo tulikuwa tunaigiza! Wote kumi na wawili. Ni kazi ngumu sana kuigiza usingizi, muulizeni yeyote."

"Aa, mliigiza," mgeni rasmi akasema kwa upole. Akafungua kile kijitabu cha katiba alichopewa mlangoni kama zawadi, ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukifungua. "Hapa Ibara ya Ishirini inasema mjumbe aliyeshiriki katika filamu hataipigia kura. Mliipa kura ngapi?"

"Kumi na mbili," akasema wa tai ya kipepeo kabla mwenzake hajamkanyaga mguu.

Mwenyekiti akaona njia zimefungwa mbele na nyuma. Wakiigiza, wamejipigia kura. Wasipoigiza, wamelala. Akaenda mbio penye mashine, akamwinamia Kaimu, na safari hii aliitoa bahasha kabisa.

"Sikiliza, kijana wangu. Sema yule mama wa usafi ndiye aliyechanganya kadi. Hajui kusoma vizuri, watu wataamini. Tutamtafutia kazi mahali pengine. Sema hivyo, na hii hapa ni yako sasa hivi."

Kaimu aliitazama bahasha. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa juu yake, na mbele ya jina, Katibu. Alimwona mama mkwe wake akiisoma kwa miwani yake, mstari kwa mstari, akiigeuza kuangalia na nyuma. Alimwona Shangazi amesimama peke yake penye maji, hajui kama aendelee kugawa au aache.

Picha haikuwa imeisha. Chumba kwenye skrini kilibaki kitupu kwa kitambo, kisha Kaimu mwenyewe akatokea. Aliirudisha ile filamu ya mwalimu nyuma, akakaa sakafuni, magoti kifuani. Zikasikika sauti za mwishoni: fundi saa akicheka, amegundua kitu kwa meno yake. Kaimu wa kwenye skrini akafuta macho kwa ncha ya tai. Akapiga makofi peke yake, polepole, kama anayeogopa kuamsha watu. Halafu akasogeza kiti, akapanda, na uso wake ukakua, ukakua, mpaka ukaujaza ukuta mzima, pua na machozi, mkono ukinyooshwa kuizima kamera.

Mgeni rasmi akaunyooshea kidole uso ule.

"Huyo je?" akauliza mgeni rasmi. "Naye anaigiza?"

Kaimu alisogea mbele. Hakuwa amewahi kushika kipaza sauti isipokuwa kukipangusa.

"Hapana, mheshimiwa. Huyo ni mimi. Mama huyu asiguswe, hajagusa kadi yoyote. Filamu zilikuwa saba. Ya nane niliitunga mimi kutoka kwenye kamera ya ulinzi. Hata jina ni langu, fomu ni yangu, muhuri nimegonga mimi. Nilitaka tuzo zifanyike ili nithibitishwe kazini."

Mwenyekiti akairudisha bahasha mfukoni, akaufunga mfuko kwa kifungo.

"Ni hayo tu?" mgeni rasmi akauliza.

Kaimu akaiangalia safu ya mbele, watu aliowawekea mito miaka kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza, dakika kumi zikiwa zimepita, wote kumi na wawili walikuwa macho.

"Liko lingine, mheshimiwa. Ni kubwa kuliko hilo." Akageukia safu ya nne, penye mwalimu na baba yake. "Wao wakitafakari, mimi hutazama."

"Hutazama nini?" Mwenyekiti akafoka.

"Filamu, Mheshimiwa."

"Zaidi ya dakika kumi?"

"Mpaka mwisho."

Mnong'ono wa hofu ukapita safu ya mbele. Wa tai ya kipepeo alijishika kifua.

"Zote?" Mwenyekiti akauliza.

"Zote, miaka yote kumi na mmoja," akasema Kaimu, na machozi yakamtoka kama yale ya ukutani. "Ya mwalimu nimeitazama mara tatu."